Rambirambi za Babu Nassor

Leo nimeaibika, ndugu zangu. Mbele ya wanaume kama thelathini, wote kanzu nyeupe! Naandika nikiwa chumbani, na mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Mnajua kazi yangu hapa Doha ni udereva. Ila bosi ana mbwa, Bruno, na kila alasiri jua likipoa ni mimi ninayemtembeza. (Ndiyo, mimi Shabani wa Korogwe, niliyekuwa nikiwarushia mbwa mawe. Maisha haya!) Bruno ndiye aliyenijulisha kwa majirani. Kuna Akinyi, yaya Mkenya wa nyumba ya pili. Na kuna Babu Nassor, mzaliwa wa Unguja, anayeishi kwa binti yake pale kona. Kila siku anakaa getini. Bruno akisogea, anakusanya kanzu yake hadi magotini, kisha ananiuliza, "Mama hajambo?" Mji mzima huu hakuna mwingine anayeniuliza hivyo.

Baba alipofariki mwaka jana sikupata ruhusa ya kwenda. Mazishi niliyaona kwenye simu, picha inakatakata. Sikulia. Babu Nassor alikaa nami ukingoni mwa barabara mpaka magharibi, Bruno katikati yetu, na safari hiyo kanzu hakuikusanya.

Basi Jumapili hii iliyopita gari la wagonjwa likamchukua Babu. Siku nne kiti chake kitupu.

Leo nafika kona, naona turubai. Viti vimepangwa. Wanaume wanaingia taratibu, muziki hakuna, machupa ya kahawa yanashushwa. Kwetu turubai likisimama kwenye nyumba yenye mgonjwa, huulizi.

Akinyi akatokea na mtoto kwenye kigari. "Shabani, kwani kuna nini?"

"Babu katutoka."

"Woi! Si juzi tu alikuwa ananiuliza kama mamangu amepona?" Akakaa chini palepale, akaangua kilio. Bruno naye akaanza kulia, kichwa juu.

Nikampa Akinyi kamba ya mbwa. Nikajifuta uso, nikavua viatu, nikaingia. Wenyeji walikuwa wamesimama mstari kupokea wageni. Nikawapitia mmoja mmoja, kwa mikono miwili, nikiwapa ile pole ya Kiarabu ambayo Babu mwenyewe alinifundisha nilipofiwa. Wakawa wananitazama sana. Nikasema moyoni, majonzi hayo. Nikamfikia kijana mmoja mwenye joho jeusi, macho yanamng'aa. Huyo nilimkumbatia kabisa. Nikamlilia begani mpaka joho likalowa. "Jikaze, kaka," nikamwambia. (Kwa Kiswahili! Hajui hata neno moja.)

Nikageuka kumalizia mstari. Pale mwisho, kwenye kochi, amekaa Babu Nassor.

Mdomo ukanitangulia. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nimekufa lini?"

Nikabaki nimesimama na soksi zangu, moja ina tundu.

"Nimetoka hospitali jana," akasema. "Daktari kanikataza kukaa juani. Leo mjukuu wangu anaoa. Ndiye huyo uliyemtia kamasi."

Nilitaka kukimbia, jamani. Lakini machozi yalikataa kukoma, yalizidi. Sikuwa namlilia yeye peke yake, na yeye alijua. Akawaambia wale wanaume maneno machache kwa Kiarabu, nikasikia neno "baba". Hakuna aliyecheka. (Walicheka nilipotoka. Nilisikia hadi barabarani.) Akanivuta nikae kando yake, akaniwekea boksi la tishu mapajani.

"Lia umalize," akasema. "Halafu kamnyamazishe na mwenzio Akinyi huko nje, watu wasije wakaleta jeneza."

Kwa hiyo naomba asinicheke mtu. Nyinyi mkienda msibani mnafutwa machozi na wafiwa. Mimi leo nimefutwa na marehemu.