Waya wa Redio na Birika la Stima

Mwingi, Jumatatu, 2 Machi 1987
Nimenunua birika la stima la hoteli yangu. Tima, mke wangu, ameuliza jiko la makaa limetukosea nini. Dirie, mwenye hoteli ya ng'ambo ya barabara, hana birika la stima. Alhamisi ni mnada, na Mzee Duale, mkubwa wa wanunuzi wa mbuzi, amesema hoteli itakayompa chai akishuka tu kwenye lori ndiyo atakayoiletea watu wake kila mnada. Watu ishirini na sita.

Jumanne, 3 Machi
Soketi iko chumbani. Birika sharti likae mbele, Dirie alione. Nimeunganisha waya wa redio. Fundi Mutunga amepita, akaucheka. Eti birika linakula ampea kumi na tatu na waya ule ni wa ampea tatu, ninunue mnene. Nimemkumbusha kwamba nilisoma fizikia hadi kidato cha nne. Punda wa madebe mawili akibebeshwa manne hutembea polepole, basi. Maji yatachelewa kidogo. Mutunga akasema punda wa kwao Zombe hulala chini. Hao wa Zombe wanajulikana.

Jumatano, 4 Machi
Jaribio la kwanza, saa nne: fyuzi ya plagi imeungua. La pili, saa nne na dakika sita: imeungua. Fyuzi za siku hizi ni dhaifu. Nimeweka msumari mahali pa fyuzi. Maji yamechemka! Waya una joto kama mtoto mwenye homa. Nimeuficha chini ya mkeka wa wageni, Tima asiuone.

Alhamisi, 5 Machi
Mzee Duale alishuka saa mbili. Nikamketisha mkekani, nikawasha. Alikuwa akilalamikia bei ya mbuzi. Akanusa. Akauliza nani anachoma mpira. Kisha akaruka, mtu wa miaka sabini, kikoi kinafuka nyuma. Alisema amelala na mbuzi kwenye lori tangu Garissa na hakuna hata mmoja aliyemchoma. Tima akachomoa plagi kwa mwiko, akamwagia mkeka mchanga. Dirie alikuwa tayari barabarani, ameshika kikoi kipya. Watu ishirini na sita wakavuka.
Kumbe Tima alikuwa amepika chai ya makaa tangu alfajiri. Nimeinywa peke yangu. Tamu.

Ijumaa, 6 Machi
Mutunga bado anaimba waya mnene. Nimekaa na kalamu, nikalipata kosa: mkeka. Waya ulikosa hewa. Msumari haukudhurika hata kidogo. Alhamisi ijayo waya mwingine wa redio utapita juu, nimeufunga kwenye pazia la mlangoni. Pazia ni la nailoni, jepesi, halizuii upepo.