Siku Niliyokufa Saa Nne na Robo

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kozi imeanza. Tuko ishirini na wawili, wote wageni kazini: wa zimamoto, wa uokoaji, wa ulinzi wa mpaka, na mimi peke yangu wa ukaguzi. Mimi ni mkaguzi msaidizi wa milango ya dharura na mitungi ya kuzimia moto. Kazi ya heshima, ila watu hawaioni heshima yake mpaka pawake.

Mkuu wa Mafunzo ametueleza mambo manne. La kwanza, kozi ni ya siku tano. La pili, ndani ya siku hizo kutakuwa na zoezi la dharura la kushtukiza, na siku yake ni siri. La tatu, atakayefanya vizuri kuliko wote atapelekwa kozi ya juu ya waratibu wa matukio, miezi mitatu. Nafasi ni moja. La nne sikulisikia. Nilikuwa bado kwenye la tatu.

Mratibu huvaa kizibao cha rangi ya chungwa chenye neno MRATIBU mgongoni. Herufi kubwa! Unalisoma ukiwa ng'ambo ya barabara.

Kuna tatizo dogo. Habari za nafasi hiyo zilinifikia mapema, na jana nilimwambia mama kwamba nimeshaipata. Sikusema uongo, nilikuwa nakadiria. Mama alishukuru, akakata simu, na kabla jua halijazama alikuwa amewaambia mama mdogo, majirani wa pande zote mbili, na fundi cherehani. Fundi ameahidi kukipunguza kizibao kiuno kikifika. Kwa hiyo lazima kifike.

Mpinzani ni mmoja tu. Dada wa zimamoto, ana filimbi shingoni hata wakati wa kula. Humu ndani nitamwita Bi Filimbi. Leo ameuliza maswali sita. Mimi nimeuliza moja: choo kiko wapi.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Siku ya mafanikio makubwa.

Mpishi mkuu hapa ni shangazi yangu, dada yake baba. Asubuhi nilipita jikoni kumwamkia na kumpeleleza. Akasema siku ya zoezi yeye haijui, anachojua ni kwamba chai itanywewa uwanjani, na kwamba ratiba yenyewe imebandikwa ukutani ofisini kwa wakufunzi. Kisha akaniuliza kama nimepiga mswaki. Nina miaka ishirini na mitano.

Mlango wa ofisi hiyo hujifunga wenyewe na haufunguki kwa nje bila ufunguo. Mpango wangu ulikuwa na hatua tatu.

Hatua ya kwanza: kitu kizito. Nikautoa mtungi wa jikoni kwenye ndoano yake. Mzito, mwekundu, umekaa tu hapo mwaka mzima bila kazi.

Hatua ya pili: mama wa usafi alipoufungua mlango apige deki, nikauwekea mtungi, nikamwambia auache wazi sakafu ikauke. Akanishukuru sana. Akasema vijana wenye adabu wamebaki wachache.

(Nimewahi kuwaandikia watu kumi na saba onyo kwa kuzuia mlango kwa mtungi. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na sababu.)

Hatua ya tatu: kipindi cha pili kilipoanza nikaomba ruhusa, nikaingia ofisini. Ratiba hiyo hapo! ZOEZI, ALHAMISI, SAA NNE KAMILI. Nikasikia viatu. Nikauvuta mtungi ndani, mlango ukajifunga, nikajibana nyuma ya kabati. Mkufunzi mmoja akaingia, akaketi, akakata kucha kwa dakika arobaini. Kucha kumi! Alipotoka nikajifungulia kwa ndani na kuondoka kwa mwendo wa mtu asiye na hatia. Mtungi niliusahau nyuma ya mlango. Nitaurudisha.

Kipindi nilichokikosa kilikuwa kuhusu usalama wetu sisi wenyewe wakati wa mazoezi. Bi Filimbi alinifuata akasema, "Kaka, kilikuwa kifupi lakini cha maana, chukua daftari langu unakili." Nikamwambia asante, nina mbinu zangu. Mitego kama hiyo naijua.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Siku ya mafanikio madogo zaidi.

Kwenye ubao wamebandika karatasi ya wanaojitolea kuwa majeruhi siku ya zoezi. Majeruhi kazi yao ni kulala chini na kubebwa. Hapati alama mtu aliyelala! Nikasubiri wote waende chai, nikamwandikisha Bi Filimbi. Safi kabisa. Kazi ya sekunde nne.

Baada ya chai Mkuu alisimama mbele na ile karatasi, akauliza Bi Filimbi ni nani.

Vichwa vikageuka nyuma.

Akauliza tena. Watu wakatazamana. Ndipo nilipokumbuka kwamba jina hilo linajulikana na watu wawili tu duniani, yaani mimi na shajara hii. Mwenye filimbi mwenyewe alinyoosha mkono akasema labda ni yeye, maana hamwoni mwingine mwenye filimbi, ila hilo jina halijui na hajajiandikisha. Darasa likacheka. Mkuu akaishika karatasi juu kwenye mwanga. Mwandiko wangu ni mzuri mno, umenyooka kama uliopigwa chapa, na ndio ulionimaliza. Akasema kwa upole kwamba, kwa kuwa mwandishi anapenda sana nafasi hiyo ijazwe, aijaze mwenyewe.

Nimefikiria upya. Majeruhi ndiye kiini cha zoezi zima. Bila yeye waokoaji wamwokoe nani? Mkuu atasimama karibu yangu muda mrefu kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Hii ni bahati!

Alasiri nimefanya mazoezi ya kuugua. Aina tano za mlio. Jirani wa chumba amegonga ukuta, akauliza kama aite daktari au mchinjaji.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimekufa leo. Naandika kwa utaratibu ili nisikose kitu.

Saa nne kasoro dakika kumi nililala kwenye korido, mahali pangu. King'ora kilikuwa bado. Watu wakaniruka. Mmoja akanivisha kadi ya majeraha shingoni, akaniambia kaka, umewahi mno. Kadi ilisema: mguu umevunjika.

Mguu! Mguu ni jambo la kawaida, nani atamtazama mtu wa mguu? Nikaamua kuongezea.

Saa nne kamili, king'ora. Mbio, vumbi, amri. Shangazi alipita na wasaidizi wake kuelekea uwanjani, wa kwanza kabisa kufika, kifua mbele. Bi Filimbi akaja kwangu na kadi za rangi: kijani anayetembea, njano anayesubiri, nyekundu wa haraka, nyeusi marehemu. Nikabana pumzi nionekane mahututi. Akaniweka kichwa sawa, akasikiliza. Nikabana zaidi. Akasikiliza tena. Nilipita kiasi. Akanifunga kadi nyeusi, akatazama saa, akaandika: saa nne na robo.

Nikamnong'oneza kwamba ni mguu tu. Akaninong'oneza kwamba marehemu hawaongei.

Walinibeba kwa machela wakanilaza uani, kando ya ukuta wa jiko, peke yangu. Majeruhi wengine walikuwa upande wa pili wanapewa maji. Nikawa namwazia mama na kile kizibao. Ndipo nilipoona moshi dirishani kwa shangazi.

Moshi mweusi, karai la mafuta linafuka. Kisha mwanga wa chungwa ukipanda pazia.

Nikapiga kelele moto! Waliokuwa karibu wakageuka, mmoja akasema hatua ya moto tumeshaimaliza, sasa tupo hatua ya kuhesabu watu. Nikapiga kelele kwamba sitanii. Wakanipigia makofi! Nikasimama. Mkuu akaniambia kwa kipaza sauti kwamba maiti nambari moja arudi kulala, anaharibu hesabu. Nikasema moto wa kweli, jikoni, haki ya Mungu. Bi Filimbi akanijia na ubao wake wa kuandikia. "Kaka, lala. Umekufa tangu saa nne na robo, nimekuandika mimi mwenyewe."

Nikakimbia. Maiti akikata uwanja, machela imenikwama mguuni, watu wanashangilia. Nikafika kwa shangazi, nikamwambia neno moja tu: karai.

Shangazi akashika kichwa. Mafuta! Aliyaacha motoni. Mlisema king'ora kikilia tusiguse kitu, akasema, tutoke tu!

Bi Filimbi alimtazama shangazi usoni. Akatupa ubao chini, akainua mikono yote miwili, akaipishanisha juu ya kichwa, akapaza sauti: kweli, kweli, kweli! Kisha filimbi.

Uwanja mzima uliganda. Sijawahi kuona kitu kama kile. Kumbe hiyo ndiyo ishara kwamba zoezi limekwisha na hatari ni halisi. Kumbe walifundishwa Jumanne. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati.

Tukaingia jikoni. Ndoano ya mtungi ilikuwa tupu. Wote wakanigeukia mimi, mkaguzi. Bi Filimbi alikuwa ameshafunga gesi na kulifunika karai kwa mfuniko, lakini pazia lilikuwa linawaka na rafu imeanza. Nikamshika Mkuu mkono. Sijawahi kumshika Mkuu mkono. Nikamwambia ufunguo wa ofisi, haraka! Akafungua, nikauchukua mtungi nyuma ya mlango bila hata kutazama, nikarudi mbio, nikazima pazia, rafu, na sehemu ya Mkuu.

Hasara: pazia moja, rafu moja, chai ya watu wote. Hakuna aliyeumia. Shangazi alinikumbatia mbele ya kila mtu, akanifuta uso kwa upande wa khanga aliokwisha kuulowesha mate. Sikujitoa.

Mkuu, mweupe kwa unga wa mtungi kuanzia kofia hadi mkanda, akasema hivi ndivyo mkaguzi anavyotakiwa kuwa: mtungi hauko mahali pake, na bado anajua uliko! Makofi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Hakuna aliyeuliza ulifikaje huko. Bi Filimbi pekee ndiye aliyenitazama kwa muda, akiwa anatabasamu.

Nafasi ni yangu. Nimempigia mama kumthibitishia.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Sherehe ya kufunga. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka Mkuu alipowakaribisha watumishi wengine waseme neno.

Mama wa usafi akasimama. Akasema yeye si msemaji, ila angependa kumsifu kijana yule wa ukaguzi, maana siku ya Jumanne alimwekea mtungi mlangoni kwa wakufunzi ili sakafu ikauke, na hakuombwa, ni adabu ya nyumbani tu. Akaketi.

Mkuu alinigeukia.

Bi Filimbi alijaribu kujizuia. Aliziba mdomo kwa mikono, filimbi ilikuwa humo mdomoni, kicheko kikatokea kwenye filimbi. Ukumbi mzima ukaanguka. Shangazi alicheka mpaka akashikwa asianguke. Hata Mkuu, baada ya kunieleza mbele ya wote kwamba angeweza kunifukuza kazi saa hiyo hiyo, midomo ilimcheza. Nilisimama. Nilimfikiria mama, fundi, na majirani wa pande zote mbili.

Ndipo Bi Filimbi akaomba kusema. Akasema ni kweli mtungi niliuhamisha na ni kosa kubwa. Lakini yeye aliniandika nimekufa, Mkuu akaniamuru nilale, uwanja mzima ukanipigia makofi, na bado niliamka. Kama ningekuwa maiti mtiifu, leo tusingekuwa na jiko.

Mkuu akatoa uamuzi. Nafasi ya uratibu: Bi Filimbi. Mimi: kazi ninabaki nayo. Nitakagua mitungi yote arobaini na sita ya chuo na kuiwekea lebo kwa mwandiko wangu mzuri. Na katika mazoezi yote ya mwaka huu nitakuwa maiti.

Baada ya sherehe Bi Filimbi alinisimamisha uani, akanifundisha ile ishara. Mikono juu, ipishane, kweli mara tatu. Alinirudisha mwanzo mara nane. Akaniuliza kwa nini Bi Filimbi na si jina zuri zaidi. Nikasema nitalifikiria.

Nimempigia mama. Nimemweleza kwamba mipango imebadilika, kozini wamempeleka mwingine, mimi wakubwa wameona nibakizwe hapa kwenye kitengo cha mazoezi, kwa mwaka mzima, peke yangu kati ya watu ishirini na wawili. Akauliza ni kazi ya namna gani. Nikasema ni ya kulala zaidi. Akafurahi kupita kiasi! Akasema siku zote alimwomba Mungu nipate kazi ya kupumzika. Fundi ameshaanza kuambiwa.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Nimemaliza kuweka lebo zote. Mtungi wa jikoni umejazwa upya, uko kwenye ndoano yake, na lebo yake nimeiandika kwa herufi kubwa: USIONDOLEWE. Shangazi ameisoma kwa sauti huku akinitazama mimi.

Nimejifunza mengi wiki iliyopita na nimebadilika.

Leo nimesikia kwamba mwezi ujao kuna kozi nyingine, na nafasi nyingine ya uratibu. Moja! Maiti hakatazwi kuiomba, nimesoma kanuni zote. Ila ingefaa nijue mapema ni zoezi gani litafanyika, nife vizuri zaidi. Ratiba mpya iko ukutani pale pale. Mlango bado hujifunga wenyewe. Mama wa usafi hupiga deki Jumanne.

Lebo inasema usiondolewe, sawa. Lakini mkaguzi ana haki ya kuuhamisha mtungi kwa ajili ya ukaguzi. Nitaukagua kesho, saa nne, mlangoni kwa wakufunzi. Safari hii nitaurudisha.