Oili Nyekundu ya Pikapu ya Dagaa

Mimi Mzee Assani wa Ujiji, miaka sabini na sita, niliyezika pikapu tatu, mafundi wawili na yule daktari aliyenikataza kula mawese, nasimama juu ya jukwaa hili lililofunikwa kitenge (Mwamvua, mke wangu: Kitenge changu hicho!) kuwatambua Mheshimiwa Mama Melania, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuanika dagaa, Mheshimiwa Eliakimu, fundi wa magari, ambaye sikumwita lakini amekuja, waheshimiwa wachukuzi wote wa Kibirizi, na waheshimiwa kunguru walioko kwenye vichanja. Mwakeye! (Watu: Mwakeye, Mzee!)

Ndugu wadau, kama mnavyofahamu, miezi minane iliyopita mlinikabidhi mimi, dereva wenu mkuu, Mradi Mkakati wa Kubadilisha Oili ya Injini ya Pikapu ya Dizeli, Feizi ya Kwanza, mkaninunulia ndoo nzima ya oili, na Eliakimu akajitolea kuifanya kazi hiyo kwa nusu saa, nikamkatalia, kwa sababu mimi nilikuwa nashika spana wakati yeye bado ananyonya. (Eliakimu: Ulikuwa unashika ya kufungulia soda!) Muda wa maswali bado.

Katika utekelezaji niliingia mwenyewe chini ya gari, nikalala chali, nikaikabili nati ya kumwagia oili uso kwa uso kwa masaa matatu mfululizo, ambayo kitakwimu ni asilimia mia na ishirini ya lengo. (Melania: Tulikusikia ukikoroma, Babu!) Ile ilikuwa tathmini ya kina. Nati ilikuwa ngumu, kitambi kilikuwa kinagusa chesisi, na kutoka nilivutwa miguu na wachukuzi wawili. (Wachukuzi: Wanne!) Wanne. Nashukuru kwa takwimu.

Nikatangaza mafanikio. Na ili kuleta uwazi, nikachomoa kile kijiti cha kupimia oili mbele yenu nyote, mkakiona kinang'aa, chekundu kama jua linapozamia Kongo, mkapiga vigelegele, na mimi nikalia machozi ya uongozi.

Tangu siku hiyo pikapu imepeleka dagaa Kasulu mara nyingi hata sikumbuki, mpaka juzi ilipoanza kugonga pale Kidahwe, ko, ko, ko, ikatoa moshi, ikarudi ikivutwa kwa kamba na lori la mchanga. Leo magunia kumi na nane yako hapa, gulio ni kesho, na wingu lile mnaliona. (Mama mmoja: Yakilowa, tumekwisha.)

Ndipo asubuhi hii Mheshimiwa Eliakimu akaja na elimu yake ya kuharibu majina ya watu, akawaambia kwamba oili ya dizeli, hata uiweke mpya leo, injini ikizunguka kidogo tu inakuwa nyeusi kama sufuria ya maharage. Kwa hiyo kijiti chekundu hakiwezekani. Kumbe ningekiacha cheusi kama nilivyokikuta, mngenisifu hadi kaburini! Nimeponzwa na usafi. (Melania: Sema ulikipaka nini.) Kwa lugha ya kitaalamu, tulitumia malighafi ya ndani... (Mwamvua: Sema!) Mawese. Ya jikoni. Kijiko kimoja. (Kicheko kirefu. Kunguru wanaruka.)

Eliakimu anasema injini haijafa, ila inataka oili leo hii, na nawaona mnaulizana mtaipata wapi. Kwa hiyo nahitimisha. Oili! (Watu: Oili!) Maendeleo! (Watu: Shuka!) Nashuka. Nawashukuru kwa kuuamini miezi minane mradi ambao haukumwaga hata tone. Eliakimu mwanangu, funua kitenge: jukwaa nililosimama juu yake ndiyo ndoo yenyewe, na kifuniko chake hakijaguswa. Ingia chini ya gari wewe, mimi nitakushikia tochi na kunyamaza. Na anayebisha kwamba leo nimesema kweli, amuulize Mwamvua. Kijiko pia ni chake.