Baiskeli Iliyolala Stoo ya Kanisa

Ijumaa asubuhi gari la matangazo lilipita Kilosa mjini likipiga mbiu ya Tamasha la Baiskeli. Jumamosi, lilisema, familia zote zije zizunguke mji, wazee kwa watoto, kwa baiskeli za aina yoyote. Jumapili saa nne, waendesha baiskeli wa mashindano kutoka mikoani wataondoka uwanja wa mpira kuelekea Mikumi. Watu wengine wote walisikia habari ya michezo. Goodhope alisikia harufu ya pilau. Aliweka kikombe chini akaanza kufikiri, na Goodhope akianza kufikiri ni vizuri kila mtu ashike mfuko wake.

Tumjue kwanza kabla hajatuuzia kitu. Ana miaka arobaini na miwili na kitambi cha mtu mwenye cheo, ila cheo chenyewe hana. Amewahi kutuuzia sisi watu wa Kilosa dawa ya kufukuza tembo mashambani, nayo ilikuwa maji ya pilipili kwenye chupa za soda. Amewahi kutuandikisha kazi za reli kwenye daftari la hesabu la mtoto wa jirani. Tulimtukana, tukaapa, na safari iliyofuata tukapanga foleni tena. Kwa hiyo atakayetaka kutucheka atucheke taratibu, maana foleni ile ilikuwa ndefu na ndani yake walikuwamo walimu wawili.

Safari hii, hata hivyo, Goodhope alikuwa na sababu iliyomuuma. Wiki tatu nyuma mkewe, Bibiana, alifungasha nguo zake akarudi kwao Msowero. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni na begi, akasema, "Nimechoka kutumia vitu nisivyojua vimetoka wapi. Nitarudi siku utakayonionyesha kitu kimoja chenye risiti. Kimoja tu, Goodhope."

Goodhope alicheka. Siku ya nne akaacha kucheka. Alimpenda mwanamke yule kuliko alivyowahi kukiri, na nyumba bila yeye ilikuwa kimya hata akawa anajidanganya mwenyewe kwa kukosa mtu wa kumdanganya.

Mpango wake ulikuwa huu. Mikumi kulikuwa na fundi mmoja, Lupakisyo, aliyenunua baiskeli za mashindano bila kuuliza maswali. Goodhope angepata moja, angemuuzia, kisha aingie dukani kama binadamu wengine amnunulie Bibiana cherehani, na risiti yake juu. Yaani aibe ili apate risiti. Yeye mwenyewe aliona mpango huu una kasoro mahali fulani, lakini hakuwa na nafasi ya kuitafuta.

Jumamosi alfajiri alivaa kizibao cha riflekta cha manjano, akajining'iniza shingoni kitambulisho cha semina ya mbegu iliyofanyika Kilangali zamani, jina likiwa limegeuziwa tumboni. Akaweka meza kando ya uzio wa kanisa na bango: KITUO CHA UKAGUZI. Stika alizibandua kwenye makasha ya juisi ya embe. Kila baiskeli shilingi elfu moja, na asiyekaguliwa asilaumu mtu.

Wa kwanza alikuwa Mzee Cleopa, dalali wa mnadani, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, hii yangu haina breki."

"Sasa huwa unasimamaje?"

"Nakanyaga tairi kwa kandambili."

Goodhope aliinama akaikagua kandambili kwa makini. "Imebakiza miezi miwili," alisema. "Nakupa stika ya muda."

Hadi saa sita mifuko ya riflekta ilikuwa imejaa noti zetu. Ndipo akaja dada mmoja mrefu kutoka Mbeya, akisukuma baiskeli nyembamba nyekundu ambayo hata sisi tuliozoea kubebea magunia tuliona aibu kuitazama sana. Jina lake Tumwagile.

"Habari kaka. Nimesikia kuna ukaguzi?"

"Nzuri dada. Wewe ni wa mashindano, yako inachukua muda. Tunapima fremu na mwelekeo wa mnyororo. Iache, uifuate saa kumi na moja."

"Ni lazima?"

"Mimi ningependa isiwe lazima," alisema Goodhope kwa huzuni ya kiofisi. "Lakini Mikumi kuna simba, dada. Mnyororo ukikutoka kule, simba hasomi namba ya kifuani."

Tumwagile aliisogeza kwake polepole. "Naomba uitunze, kaka. Nimeuza parachichi miaka mitatu kuipata. Kesho ndiyo mara yangu ya kwanza kukimbia na wakubwa."

Kitu kidogo kilimchoma Goodhope kifuani. Alidhani ni njaa, akampa kadi namba arobaini na moja.

Dada alipotoweka, Goodhope alikunja meza yake, akagundua jambo ambalo mwizi mwenye akili hulifikiria siku moja kabla. Lori la Fuso la kumpeleka Mikumi lingepita kesho saa tatu, na leo Kilosa nzima ilikuwa barabarani ikitazama baiskeli. Alijaribu kuipanda aondoke haraka. Kiti kilikuwa juu na chembamba, na kitambi kilifika kwenye usukani kabla ya mikono. Alipoteremka, watoto sita walikuwa wanamfuata wakishangilia.

Akakimbilia ndani ya uzio, hadi stoo ya kanisa. Mlangoni alikuwapo Mama Scholastica, mzee wa kanisa, ambaye alimfundisha Goodhope darasa la nne na bado alikuwa na macho yaleyale.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Goodhope. Umevaa nini?"

"Kazi tu, mwalimu. Naomba kuilaza hii humu hadi kesho asubuhi."

"Stoo imejaa mavuno. Kesho ni Jumapili ya shukrani. Kisicho sadaka hakilali humu."

Goodhope aligeuka. Watoto walikuwa wameshafika langoni, na nyuma yao watu wazima wawili.

"Basi hii nayo ni sadaka."

"Yako?"

"Yangu kabisa. Nimeguswa, mwalimu."

Mama Scholastica aliitazama baiskeli, akamtazama yeye, akaitazama tena baiskeli. "Bwana asifiwe," alisema, akaifungia kwa kufuli mbili.

Goodhope alirudi nyumbani akijipongeza. Kesho saa moja angefika, angesema anataka kuifuta vumbi kidogo, na angetokea mlango wa nyuma. Ila alikuwa hajaingia kanisani tangu siku ya harusi yake, akawa amesahau kinachofanyika Jumapili ya shukrani. Vitu vyote hupelekwa madhabahuni mapema kabla ya ibada, na baada ya ibada hunadiwa nje, mbele ya watu wote. Yai moja linaweza kupanda hadi bei ya kuku kwa sababu watu wanashindana kwa furaha. Na mshindi mwenye heshima zake hakipeleki kitu nyumbani. Anaulizwa amemnunulia nani, naye hukitoa palepale kwa mjane au kwa mgeni.

Alipofika asubuhi stoo ilikuwa tupu, imefagiliwa. Baiskeli ilikuwa mbele ya madhabahu, imeegemezwa kwenye maboga, na wanakwaya wameivisha maua. Goodhope aliketi kiti cha nyuma na riflekta yake. Mchungaji alihubiri juu ya furaha ya mtu anayetoa bila kushurutishwa. Simu ya Goodhope ilitetemeka mara tano. Alikuwa Lupakisyo; Goodhope alimwandikia kwamba yuko ibadani, na mara ya tano ujumbe ulisema fuso haliwezi kumsubiri mtu anayesali.

Saa mbili na nusu mnada ulianza uwanjani. Dalali ni nani, kama si Mzee Cleopa? Aliuza mpunga, akauza kuku, akauza miwa. Kisha akainua ile baiskeli kwa mkono mmoja.

"Sadaka ya ndugu yetu Goodhope!"

Tulishangaa, halafu tukapiga makofi hadi viganja vikauma. Wengine walilia. Goodhope aliinamisha kichwa, na tulidhani ni unyenyekevu.

Boniface, mwenye mashine ya kukoboa, ndiye aliyetaja bei ya kwanza. Goodhope alifikiri haraka: akiinunua mwenyewe kwa noti za jana, bado Lupakisyo atamlipa zaidi. Akapandisha. Boniface akapandisha. Goodhope akatoa noti za mfuko wa kulia, za mfuko wa kushoto, za mfuko wa ndani, na kila moja tuliijua kwa mikunjo yake, maana jana asubuhi ilikuwa yetu. Kikapu cha kanisa kilifurika.

"Boniface anaongeza!" Cleopa alipaza sauti. "Goodhope, unamwachia?"

"Na redio yangu!" alisema Goodhope, jasho likimtiririka. "Iko nyumbani, kijana wa kwaya aifuate!"

Mbele mtu alikohoa. Boniface alicheka, akatikisa kichwa, akakaa.

"Imekwenda kwa Goodhope!"

Alirukia usukani kwa mikono miwili. Cleopa hakuachia.

"Taratibu, mwanangu. Umemnunulia nani?"

Uwanja mzima ukamgeukia. Goodhope alifungua mdomo aseme "mwenyewe," na hapo akamwona Mama Scholastica amesimama mbele. Pembeni yake alikuwa Tumwagile, amevaa nguo za mashindano, namba kifuani, macho yamevimba, na mkononi ana kadi namba arobaini na moja. Alimtazama tu kama mtu anayetazama saa.

Goodhope alikuwa na uongo saba tayari ulimini. Aliupitia wote, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakuna hata mmoja aliotaka kuusema. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni.

"Mgeni wetu," alisema kwa sauti ndogo. "Huyo dada."

Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilisikika hadi stesheni. Tumwagile aliipokea baiskeli yake, akazungusha pedali, akasikiliza mnyororo.

"Asante kaka," alisema. "Ukaguzi wenu unachukua muda." Akaipanda, akaelekea uwanja wa mpira, na maua ya kwaya yakimpepea kwenye usukani.

Watu walipotawanyika kwenda kuangalia mashindano, Goodhope alibaki na mwalimu wake.

"Ulijua tangu lini?"

"Wageni wa mashindano walilazwa majumbani mwetu. Yeye alipangiwa kwangu. Amelia hadi uji ukapoa." Mama Scholastica alijifunga kanga vizuri. "Boniface nilimwomba apandishe bei, asiache mpaka nikohoe. Polisi ningewaita, wewe ungesema umeonewa. Sasa umetoa mwenyewe, kwa makofi."

"Na noti je?"

"Za watu zimerudi kwa watu. Tunaezeka chumba cha Sunday School. Kisha mwaka kesho wewe ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi wa baiskeli, mchungaji ameshatangaza." Akamkabidhi karatasi. "Hii yako. Mhazini wetu hamwachi mtu bila risiti."

Goodhope aliisoma mara mbili. Baiskeli moja. Imelipwa yote. Jina lake, tarehe, sahihi, muhuri.

Alifika Msowero alasiri, bado amevaa riflekta, vumbi hadi kwenye nyusi. Bibiana alikuwa kibarazani akipeta mchele. Aliipokea karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Muhuri ni wa kweli?"

"Wa kweli."

"Na baiskeli iko wapi?"

"Saa hizi itakuwa Mikumi."

"Nani kaipeleka?"

"Mwenyewe," alisema Goodhope, akamsimulia kila kitu bila kuongeza chumvi, na hadithi ikawa fupi kuliko zote alizowahi kumwambia.

Bibiana aliuweka ungo chini. Aliikunja risiti, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kabla hajajibu, baba yake alitokea nyuma ya nyumba akisukuma baiskeli yake kuukuu.

"Shikamoo baba," alisema Goodhope, akipiga goti.

"Marahaba, mkwe. Naona umevaa nguo ya ukaguzi. Hii yangu unaionaje?"

Kwenye mfuko wa riflekta ilikuwa imebaki stika moja ya juisi ya embe. Goodhope aliigusa kwa kidole, akamtazama Bibiana, akaiacha humo. Akachutama, akabana breki ya mbele, kisha ya nyuma.

"Mipira imeisha, baba," alisema. "Usiipande kwanza. Nipe spana niifungue."

"Bei gani?"

"Bure."

Bibiana aliinuka na ungo wake. "Mwandikie risiti," alisema, akaingia ndani kuongeza mchele wa mtu wa tatu.