Matanga ya Mzee wa Kitabuni

Jumatatu, 4 Agosti
Mwalimu Lavinia katangaza: atakayeguswa zaidi na riwaya tuliyogawiwa, huyo atapanda ndege kwenda Nuku'alofa, mji mkuu wetu hapa Tonga, kuizungumzia redioni. Ndege! Mimi Folau sijawahi kutoka kisiwani kwetu Vava'u. Lazima niende. Tatizo dogo: kitabu chenyewe nimefika ukurasa wa 41 tu. Mzee mpiga tromboni anafariki, viatu vyake vinabaki mlangoni. Hapo nilikifunga. Kinachosha. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena.

Jumanne, 5 Agosti
Darasa zima limeharibika. Ilaisane, hasimu wangu tangu darasa la kwanza, kalowesha leso mbili. Kasoma chote mara mbili, mchoyo huyo! Sefo anadai kitabu hakijamfanya kitu, ila asubuhi kampelekea bibi yake mkate bila kutumwa. Mosese, pande la mtu, mcheza raga, karudi kutoka msalani macho mekundu. Eti vumbi. Na mvua inanyesha!
Mimi nilijifinya paja. Alama nimepata, chozi hamna. Lakini wazo limekuja. Chozi ni la dakika moja. Mkeka wa msiba, ule tunaojifunga kiunoni tukifiwa, huonekana kutwa nzima, na ukiwa mkubwa na mkuukuu, kila mtu anajua umefiwa na mtu wa karibu. Siwezi kutulia kwa furaha.

Jumatano, 6 Agosti
Nguo nyeusi. Mkeka mkubwa kuliko yote nyumbani, unanifika masikioni. Ndio nilioufunga Babu alipofariki mwaka jana. Unawasha vilevile. Njiani majirani walinipisha kimya. Heshima iliyoje! Nikazidi kuinamisha kichwa.
Mosese akaniuliza, pole ndugu yangu, umefiwa na nani? Nikajibu: mzee wa kitabuni. Ilaisane akakunja uso. Nilijiona nimeshakaa dirishani mwa ndege.
Saa saba nikaitwa nyumbani. Mwalimu na darasa wakanifuata. Kumbe majirani walipiga hesabu: mkeka mkubwa vile, na kwetu mzee aliyebaki ni Bibi peke yake. Basi Bibi kafa! Ikaja kwaya. Vikaja viazi vikuu. Akaja nguruwe mzima, kafungwa kamba. Bibi alikuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo. Aliposikia nyimbo za msiba akaja mbio, akajitupa katikati, akalia na wenzake. Beti mbili nzima! Ndipo akamgeukia mchungaji: "Jamani, lakini tunamlilia nani?"
Mchungaji akakaa chini ghafla. Halafu wote wakanitazama mimi.
Bibi akaamua. Chakula cha matanga hakirudishwi. Ila kwanza asomewe habari za huyo marehemu wa kitabuni aliyemponza, na msomaji ni mimi. Nikasoma kwa sauti ya redio kabisa, maana Mwalimu alikuwa ameketi palepale. Mpaka ukurasa wa 41. Viatu mlangoni. Nikainua macho. Kandambili za Babu ziko kizingitini, Bibi hataki ziguswe. Nikakiweka kitabu chini. Namkumbuka Babu kila siku, na inaniuma sana.
Nikasema naenda kumwangalia nguruwe.
Nguruwe hakuwa na shida yoyote. Nilimwangalia kwa muda mrefu. Huku nyuma Ilaisane aliokota kitabu, akasoma hadi mwisho. Walilia wote, mpaka mchungaji.

Ijumaa, 8 Agosti
Anakwenda Ilaisane. Mwalimu kaniita pembeni, kasema kwa upole kwamba labda mimi ndiye niliyeguswa na kitabu kuliko wote, ningekimaliza tu. Nikamwambia ningekimaliza, ila nguruwe alihitaji uangalizi. Bibi naye anataka tukisome wote wawili, kurasa mbili mbili, taratibu. Nikasema nina kazi nyingi. Nimezunguka nyumba mara tisa. Kandambili nimeziruka mara tisa.

Jumatatu, 11 Agosti
Nilikwenda uwanjani kuona kama ndege itashindwa kuruka. Imeruka. Ilaisane kanipungia mkono dirishani. Dirisha langu!
Bibi yuko ukurasa wa 60 sasa, kaendelea peke yake. Mimi bado niko 41. Haidhuru, kwa sababu leo tumegawiwa kitabu kingine na mashindano ni yaleyale. Hiki ni cha harusi. Sijakifungua. Suti nimeshaazima kwa Mosese, na mchungaji nimemwambia Jumamosi asiende popote.