Shanga za Dubai kwenye gauni la Mama Bijou

Leo Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, nimejiaibisha mwenyewe bila msaada wa mtu. Nawasimulia, marafiki zangu, kwa kuandika kwa sababu uso kwa uso siwezi. Mnanijua. Mimi hata mtu akinikanyaga, naomba radhi mimi.

Mnajua pia kwamba Mama ni fundi cherehani, na kwamba chumba chetu cha mbele hapa mtaani Observatory ndicho duka lake. Miaka miwili namwomba anifundishe kushona. Miaka miwili naokota pini sakafuni na kufumua mishono iliyokosewa. Leo kaamka na muujiza.

"Napeleka mapazia Turffontein. Mama Bijou anakuja kuchukua gauni lake. Mkabidhi vizuri, bila vurugu, na kuanzia kesho unakaa kwenye cherehani."

Jamani! Nikafanya mazoezi mbele ya kioo. Sentensi mbili tu: "Karibu, Mama. Gauni lako hili hapa." (Kulikuwa na ya tatu, ya kumwombea heri. Nikaiacha. Nilijisikia kama shehe.)

Sasa gauni lenyewe. Mahameli nyeusi, mikono mirefu, limetundikwa tangu Jumanne kwenye lile dirisha letu lisilofunga sawasawa, linaloangalia mawe ya mlimani. Umeme ulikuwa umekatwa tangu alfajiri, ndiyo 2015 yetu hii ya mgao. Chumba kina kiza, na baridi ya Julai inang'ata masikio. Nikaona kitu shingoni pa gauni. Vitu vidogo vyekundu, vinang'aa, vimebanana kuzunguka ukosi mpaka mabegani.

Shanga!

Nikachanganyikiwa, maana jana hazikuwepo. Lakini Mama ana desturi yake: mteja anayempenda humwongezea kitu bila kumwambia. Vifungo vya lulu, ua la kudarizi, chochote. Humwachia agundue mwenyewe. Nikasema basi, kumbe Mama amekesha. (Mama alilala saa tatu. Nilimsikia akikoroma. Akili yangu ilikuwa wapi? Hata sasa sijui.)

Mlango ukagongwa. Mama Bijou ni msusi, Mkongo wa Lubumbashi, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Jumamosi anamwoza mdogo wake.

"Bonjour, mtoto! Mama yako iko wapi?"

"Karibu gauni," nikasema.

(Ndiyo. Nilizichanganya zote mbili.)

Akavua koti, nikamsaidia kuingia ndani ya gauni, nikapandisha zipu. Shanga mbili zikadondoka. Nikaziokota, nikazitia mfukoni mwa sweta ili nizirudishie baadaye. Fundi mtarajiwa!

Akajitazama kwenye kioo. "Eh! Na hii ni nini? Mimi sikuomba."

Hapo nilitakiwa kusema sijui. Neno moja tu. Lakini alikuwa ananitazama, na mimi mtu mzima akinitazama huwa natoa lolote lililo karibu.

"Ni shanga. Mama amekuongezea."

Bado ananitazama.

"Za Dubai."

"Dubai! Yesu wangu!" Akageuka kushoto, akageuka kulia. "Na ziko na alama nyeusi nyeusi, angalia! Mama yako ni fundi, weye. Ni fundi!" Halafu akajikumbatia. "Lakini baridi, mtoto. Nakufa na baridi."

Nikawasha hita ya gesi. Nikaisogeza karibu naye. Nikaisogeza tena. Nilijiona kabisa niko kwenye cherehani, mguu uko kwenye kanyagio.

Zikapita kama dakika tano, anajisifu mbele ya kioo. Kisha ushanga mmoja ukatoka begani ukaja kifuani.

Nikapepesa macho. Ukafuata wa pili. Nikajiambia ni njaa, sikunywa chai. Wa tatu, wa nne. Mfukoni mwangu namo mkaanza kunitekenya.

"Mtoto."

"Naam, Mama."

"Hizi shanga za Dubai ziko natembea?"

"Kidogo," nikajibu.

KIDOGO! Nani anajibu hivyo?

Hapo mmoja ukafungua mbawa, ukaruka, ukatua puani pake. Sauti aliyoitoa siwezi kuiandika. "Toa! Toa! Iko naingia ndani!" Akapanda juu ya stuli. Zipu ikakwama. Wigi likageukia mlangoni, uso umebaki dirishani. Mimi nazunguka stuli nikipangusa kwa mikono yote miwili, vidole vimejaa majimaji ya manjano yenye harufu chungu, na badala ya kumwomba radhi Mama Bijou nawaomba radhi wadudu.

Mlango ukafunguliwa. Mama.

Akasimama. Akamtazama mteja wake juu ya stuli, akanitazama mimi.

"Muulize mtoto yako!" Mama Bijou akapiga kelele. "Shanga zake ziko narudi kwao!"

Mama akamchukua mmoja kutoka kwenye mkono wa sweta langu, akampeleka kwenye mwanga. "Hawa si wadudu wa kule juu kwenye mawe? Kila baridi wanajikusanya mamia kwa mamia kutafuta pa kulala. Hita yako imewaamsha." Akanigeukia. "Dubai?"

Neno hilo moja tu. Nilitamani droo ya vifungo inimeze.

Tukawakusanya mmoja mmoja kwenye kikombe, nikawarudisha kwenye mawe. Mama akaikwamua zipu, akamvua gauni, akafuta mahameli kwa kitambaa kibichi. Bahati ni nyeusi, doa halikuonekana. Mama Bijou akalivaa tena, akasimama mbele ya kioo muda mrefu. Nikajua analikataa, na cherehani nimeshaikosa.

"Sasa iko uchi," akasema kwa huzuni. "Nilishaizoea. Tia za kweli. Nyekundu, na alama zake. Kesho jioni napita."

Mama alinitazama mimi.

Naongeza, Ijumaa asubuhi. Niko macho tangu saa kumi na mbili, na sindano ya mkono. Kila ushanga mwekundu naupaka nukta nyeusi kwa rangi ya kucha, nasubiri ikauke, naushona. Cherehani iko hapo hapo pembeni. Mama kasema nitakaa hapo Mama Bijou akishatoka mlangoni na gauni lake, ametulia. Nilimuuliza kama hii ni adhabu au nimepandishwa cheo. Akasema, "Shona."

Basi nashona. Kila ushanga naugonga kwanza kwa ukucha, kuhakikisha.

Msicheke. Wa ishirini na tisa umesogea.