Nasaba ya Luteni Courvaudon

Kwa amri ya Mfalme, na kwa manufaa ya jeshi zima la Ufaransa, ilitangazwa kwamba hakuna atakayepewa tena cheo cha ukapteni bila kuthibitisha vizazi vinne vya ukabaila upande wa baba. Kujua kupigana hakukutajwa. Bwana Philibert Gombault, karani wa Kamati ya Nasaba pale Versailles, aliisoma amri hiyo mara tatu akaona haina kasoro.

Wa kwanza kufika mbele ya Kamati alikuwa Luteni Anselme de Courvaudon, mwenye miaka kumi na mmoja ya vita na risasi moja pajani.

"Risasi hatuihitaji," Gombault alimweleza kwa upole. "Tunamhitaji baba wa babu yako."

"Alishakufa, bwana."

"Hilo si tatizo. Waombaji wetu wazuri wote wanabebwa na wafu."

Luteni akatoa karatasi za parokia. Zilisema waziwazi: Guillaume Courvaudon, mtengeneza ngozi.

Mwenyekiti, kabaila mkubwa aitwaye Markizi de Bréhencourt, alicheka hadi unga wa wigi ukammwagikia begani. Nafasi hiyo ya ukapteni alishamwekea mpwa wake, ambaye farasi humwangusha hata wakiwa wamesimama.

"Kumbe siku hizi tunaletewa wachuna ng'ombe," alisema. "Karani, soma zote kwa sauti, ziingie daftarini. Nataka kila mtu asikie."

Luteni alikaza taya. Mama yake kule Normandia alikuwa ameshamshonea koti la ukapteni.

Gombault akasoma, maana ndiyo kazi yake. Alisoma kwamba Guillaume alikuwa na mdogo wake, Toussaint, mtengeneza ngozi pia, aliyehama kwao, akanunua shamba la Bréhencourt, akaanza kujiita kwa jina la shamba.

"Huyo Toussaint ndiye nani?" mjumbe mmoja akauliza.

"Babu mzaa baba wa mheshimiwa mwenyekiti," alijibu Gombault.



"Chana hiyo karatasi," Markizi akanong'ona.

"Imeshaingia daftarini, mheshimiwa. Kwa agizo lako."

Luteni akainamisha kichwa kwa adabu. "Shikamoo, baba mdogo."

Kamati ikajifungia ndani. Baada ya muda wa saa nne ikatoka na uamuzi wa kauli moja: kutengeneza ngozi, kukifanywa na ukoo unaostahili, ni kazi ya kikabaila tangu enzi na enzi. Luteni akawa kapteni. Gombault aliiona hekima ya jambo hilo papo hapo, akachovya kalamu.

"Ukoo wa kikabaila lazima uwe na nembo. Niandike ipi?"



"Ngozi ya ng'ombe," alisema Kapteni. "Na mkia wake usisahau."

Kwa mujibu wa kanuni, nembo huchorwa kwenye mlango wa gari la farasi la kila mwanaukoo. Kapteni hakuwa na gari. Markizi alikuwa nayo manne, na kila yalipokatiza sokoni, wauza samaki waliziba pua kwa heshima zote.